Vipande vilijulikana, chanjo je? Swali la udhahiri katika hataza za chanjo za kumeza

Msomaji mmoja anayesomea mikrobiolojia ameniuliza hivi: "Bakteria waliodhoofishwa kwa kufutwa jeni walikwisha kuandikwa katika majarida. Njia ya kumeza chanjo ilijulikana. Kwamba tindikali ya tumbo huua bakteria, na kwamba inaweza kupozwa kwa bikaboneti ya sodiamu, nako kulijulikana. Mtu akiviunganisha vitu hivi vitatu, hataza yake inawezaje kustahimili pingamizi kwamba jambo lenyewe lilikuwa dhahiri? Na ni nani anayeamua kilicho dhahiri?"

Ndugu msomaji, umeshika hoja ambayo wapinzani wa hataza za chanjo, yaani haki za kisheria za mvumbuzi juu ya chanjo yake, huanza nayo karibu kila mara, lakini umeacha nje jambo ambalo ndilo huamua mashauri mengi. Karibu kila uvumbuzi umejengwa kwa vipande vilivyojulikana, kwa hiyo kujulikana kwa vipande pekee hakutoshi kuiangusha hataza. Sheria huuliza maswali mawili. Kabla ya tarehe ya ombi, je, mtaalamu wa kawaida wa fani alikuwa na sababu ya kuviunganisha vipande hivyo kwa namna ileile inayodaiwa? Na je, alikuwa na msingi wa kutarajia kwamba vikiunganishwa vitafanya kazi? Katika chanjo za kumeza dhidi ya bakteria, swali la kwanza kwa kawaida humwendea mpinzani kwa urahisi. Swali la pili ndilo lenye vita.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ni jepesi. Anayeamua kwanza ni mkaguzi wa ofisi ya hataza. Hataza ikishatolewa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mtu yeyote ana miezi tisa ya kuwasilisha pingamizi. Marekani, tangu mwaka 2012, mpinzani anaweza kuomba hataza ipitiwe upya mbele ya bodi ya majaji wa ofisi ya hataza yenyewe, au akaieleza hoja yake mahakamani iwapo ameshtakiwa kwa kuikiuka. Njia hizi mbili hazilingani kwa uzito wa ushahidi: mahakamani mpinzani lazima alete ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha mwaka 2011 katika kesi ya Microsoft dhidi ya i4i, ilhali mbele ya bodi inatosha ushahidi wake kuzidi uzito ule wa upande wa pili. Hataza ileile inaweza basi kusimama mbele ya jaji na kuanguka mbele ya bodi, pasipo mmoja wao kukosea.

Vipimo vyenyewe vina historia. Marekani iliandika sharti la kutokuwa dhahiri katika sheria ya hataza ya mwaka 1952, kifungu cha 103. Mwaka 1966, katika Graham dhidi ya John Deere, Mahakama ya Juu iliagiza yachunguzwe maarifa yaliyotangulia, tofauti kati ya maarifa hayo na dai (maneno ya hataza yanayotaja hasa kinacholindwa), kiwango cha mtaalamu wa kawaida, na ishara za nje kama vile hitaji lililodumu bila kutatuliwa na kushindwa kwa wengine waliojaribu. Mwaka 2007, katika KSR dhidi ya Teleflex, mahakama hiyo ilikataa kanuni ngumu iliyomtaka mpinzani aonyeshe andiko au mafundisho mahususi yanayoelekeza vipande viunganishwe, ikaeleza kwamba mtaalamu wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, na kwamba pale ambapo njia zilizojulikana ni chache na matokeo yake yanatabirika, kujaribu mojawapo kunaweza kuwa jambo dhahiri. Ulaya, chini ya kifungu cha 56 cha mkataba wake wa hataza, hufuata utaratibu ulionyooka zaidi: huchaguliwa andiko lililo karibu zaidi na uvumbuzi, huulizwa tofauti yake inaleta faida gani ya kiufundi, kutokana na faida hiyo hutungwa tatizo, kisha huulizwa kama mtaalamu angelifikia suluhisho hilo. Neno lenye uzito hapo ni "angefikia". Kwamba angeweza kulifikia haitoshi. Lazima ionekane kwamba angelifuata kwa kutarajia kulitatua tatizo lile.

Zingatia, katika KSR, maneno "matokeo yake yanatabirika". Kesi hiyo ilihusu pedali ya gari yenye kihisi cha kielektroniki. Utumbo wa binadamu una tabia nyingine kabisa, na historia ya chanjo za kumeza imejaa mahali ambapo watu wenye ujuzi mkubwa walitarajia jambo moja wakapata jingine.

Chukua homa ya matumbo. Katika miaka ya 1970, René Germanier na E. Fürer, huko Bern, Uswisi, walitengeneza aina dhaifu ya Salmonella Typhi iitwayo Ty21a, na mwaka 1975 wakaieleza kama bakteria mwenye kasoro katika jeni ya galE na asiye na ganda la Vi, yaani tabaka la nje la bakteria huyo. Yeyote aliyesoma maelezo hayo angeweza kuamini kwamba kasoro hiyo ya galE, pamoja na kukosekana kwa Vi, ndiyo iliyomfanya bakteria huyo kuwa salama. Lakini Ty21a ilipatikana kwa kemikali inayovuruga jeni kiholela, na ilibeba mabadiliko mengine ambayo hayakuwa yakijulikana. Baadaye watafiti walitengeneza kwa uangalifu aina mpya yenye kasoro hizo mbili zilizotajwa, wakawapa watu wanne waliojitolea. Wawili kati yao waliugua ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1988.

Fikiri sasa juu ya mtu ambaye, kabla ya mwaka huo, angedai hataza ya chanjo iliyofutwa jeni ya galE, na mwingine ambaye, baada ya mwaka huo, angedai chanjo iliyodhoofishwa kwa jeni nyingine na kuonyesha kuwa ni salama kwa binadamu. Wa kwanza angekutana na mpinzani anayesema njia ilikwisha kuonyeshwa. Wa pili angekuwa na andiko mkononi linaloonyesha kwamba njia iliyotazamiwa kuwa salama haikuwa salama, na kwamba mtaalamu makini hakuwa tena na haki ya kudhani kwamba kasoro moja inayoeleweka vizuri inatosha. Tarehe ndiyo kila kitu katika mashauri haya. Jambo lililokuwa na matumaini mwaka 1985 linaweza kuwa na mashaka mwaka 1989 na kuwa la kawaida muongo mmoja baadaye.

Kipindupindu kina kisa kinachofanana na hicho. Dalili kuu ya ugonjwa husababishwa na sumu ambayo muundo wake ulijulikana vizuri: sehemu A inadhuru, sehemu B inashikamana na ukuta wa utumbo. Basi lilikuwa wazo la kimantiki kabisa kufuta jeni ya sehemu A na kumbakiza bakteria kama chanjo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Baltimore, wakiwemo James Kaper na Myron Levine, walifanya hivyo. Aina zao za mwanzo, JBK 70 na CVD 101, hazikuwa na sumu hiyo, lakini zilipotolewa kwa watu waliojitolea bado baadhi yao walihara. Aina iliyofuata, CVD 103, ambayo ilitokana na bakteria tofauti wa mwanzo, ilivumilika vizuri zaidi, na mwana wake CVD 103-HgR ndiye aliyekuja kuidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa jina la Vaxchora. Kanuni ilikuwa ileile kwa aina zote: futa sumu, bakiza bakteria. Lililobadilika lilikuwa bakteria aliyeanziwa, na hakuna aliyeweza kulijua tokeo kwa kuisoma kanuni.

Hapa ndipo ninapokuwa na msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mawakili wa wenye hataza huyachukua matukio kama haya na kuyafanya kinga ya jumla, kwamba utumbo hautabiriki na kwa hiyo hakuna chochote kilicho dhahiri. Hoja hiyo ni ya kivivu. Kutotabirika lazima kuthibitishwe kwa kipengele kile hasa kinachotofautisha dai na maarifa yaliyotangulia. Ikiwa andiko la awali lilikwisha kuonyesha kwamba bakteria fulani ni salama na anaamsha kinga kwa binadamu, na dai jipya limeongeza tu ladha inayomfanya mtoto aimeze chanjo bila kuikataa, basi misukosuko ya JBK 70 haina msaada wowote kwa dai hilo.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni ule wa familia ya jeni za aro, ambazo bakteria huzihitaji ili ajitengenezee kemikali fulani za lazima. Mwaka 1981, Susan Hoiseth na Bruce Stocker walionyesha kwamba Salmonella Typhimurium asiyeweza kujitengenezea kemikali hizo hakuwaua panya, na kwamba aliwakinga. Lilikuwa andiko lenye nguvu, na mtaalamu yeyote angesukumwa kulijaribu wazo hilo kwa Salmonella Typhi na binadamu. Lilipojaribiwa kwa aina iitwayo 541Ty, iliyofutwa jeni mbili za kutengenezea kemikali za namna hiyo, ilikuwa salama lakini iliamsha kingamwili kidogo mno. Aina nyingine, CVD 908, iliyofutwa aroC na aroD, iliamsha kinga vizuri, ila kwa dozi kubwa bakteria walionekana kimya kimya katika damu ya baadhi ya waliojitolea. Ikaongezwa kasoro ya tatu, ya jeni ya htrA, na CVD 908-htrA iliyopatikana haikuonekana katika damu tena, huku kinga ikibaki.

Je, kuongeza htrA kulikuwa dhahiri? Najibu kama zoezi, kwa kuwa sizungumzii hapa hukumu yoyote iliyotolewa. Mpinzani angesema kwamba tatizo lilijulikana, kwamba mabadiliko ya htrA yalikwisha kuonyeshwa kuwadhoofisha bakteria hao kwa panya, na kwamba jeni zilizofaa kufutwa hazikuwa nyingi. Mwenye hataza angejibu kwamba kila kasoro inayoongezwa inaweza kumdhoofisha bakteria kupita kiasi mpaka asiamshe kinga, kama kisa cha 541Ty kilivyoonyesha, na kwamba Salmonella Typhi humwathiri binadamu pekee, kwa hiyo panya si shahidi wa kutegemewa. Mimi ningemsikiliza mpinzani kuhusu sababu ya kujaribu, na ningemsikiliza mwenye hataza kuhusu matarajio ya kufaulu, kisha ningesoma maandiko ya kabla ya tarehe ya ombi kutafuta jambo moja tu: je, kulikuwa na ushahidi wowote kwamba kasoro mbili za aina hizo zikikaa pamoja, uwezo wa kuamsha kinga hubaki? Shauri la namna hii huamuliwa na sentensi tatu au nne zilizozikwa ndani ya makala moja, na wakili asiyesoma sehemu ya mbinu za utafiti hazioni.

Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Marekani ilieleza tofauti hii vizuri mwaka 1988 katika In re O'Farrell. Ilisema kwamba "dhahiri kujaribu" huwa hoja mbaya katika hali mbili: pale ambapo mtaalamu angelazimika kubadilisha kila kigezo mpaka abahatishe, na pale ambapo andiko la awali lilimpa mwelekeo wa jumla tu katika eneo jipya. Hata hivyo O'Farrell mwenyewe, mwombaji wa hataza katika kesi hiyo, alishindwa, kwa sababu njia ilikwisha kuelezwa kwa undani katika makala ambayo wawili kati ya wavumbuzi watatu walikuwa miongoni mwa waandishi wake. Nakusihi ulikumbuke hili ukiwa mtafiti. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa neema baada ya kuchapisha, lakini Ulaya, isipokuwa kwa hali chache sana, haitoi neema hiyo, na makala yako mwenyewe huwa shahidi wa kwanza dhidi yako.

Dozi, ratiba na namna ya kufungasha ndiyo mahali ambapo hataza nyingi za chanjo huonekana dhaifu. Kanuni ya Marekani tangu In re Aller ya mwaka 1955 ni kwamba, pale hali za jumla zinapokuwa zimefichuliwa, kutafuta kiwango kinachofaa zaidi kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi. Ulaya dozi au ratiba mpya ya dawa inayojulikana inaweza kupewa hataza, lakini lazima ipite kipimo kilekile cha udhahiri. Hata hapa chanjo za kumeza zimeleta mshangao. Katika majaribio makubwa ya Ty21a huko Santiago, Chile, dozi tatu za kapsuli zenye ganda linalovuka tumbo na kuyeyukia kwenye utumbo, zilizotolewa ndani ya wiki moja, zilikinga kwa takriban asilimia 67 kwa miaka mitatu. Dozi zilezile zilizoachanishwa kwa siku 21 zilikinga kwa kiwango cha chini zaidi, na kapsuli za jelatini zilizoambatana na bikaboneti zilifanya vibaya zaidi ya zote mbili. Mtaalamu aliyezoea chanjo za sindano, ambako kuachanisha dozi mara nyingi huimarisha kinga, asingetarajia ratiba ya haraka ishinde. Dai lililofungwa kwenye ratiba hiyo na kapsuli hiyo lingekuwa na hoja ya kweli. Dai la "ratiba yoyote yenye dozi zaidi ya moja" lisingekuwa nayo.

Hilo linanileta kwenye matokeo yasiyotarajiwa, silaha ambayo wenye hataza huitumia sana na mara nyingi vibaya. Sheria hutaka matokeo hayo yalinganishwe na kitu kilicho karibu zaidi katika maarifa yaliyotangulia, na yaenee kote ambako dai limeenea. Jaribio la chanjo ya kipindupindu lililoanza Matlab, Bangladesh, mwaka 1985 linafundisha. Chanjo ya kumeza ya bakteria waliouawa, iliyoongezwa sehemu B ya sumu, ilikinga kwa asilimia 85 katika miezi sita ya kwanza, na ile ya bakteria peke yao kwa asilimia 58. Mtu angeiona tofauti hiyo akadhani amepata ushindi. Kwa hesabu ya miaka mitatu kwa jumla, zote mbili zilikuwa karibu asilimia 50. Kwa hiyo faida ya sehemu B ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya muda, na dai la kinga ya muda mrefu lisingeweza kuegemea juu yake. Ninapopewa ripoti ya majaribio ndani ya shauri, safu ya kwanza ninayoitazama ni ile ya muda wa ufuatiliaji.

Kuna suala jingine ambalo limekuwa na nguvu zaidi miaka ya karibuni: tangazo la majaribio kwa binadamu. Ikiwa mpango wa jaribio la chanjo ulikwisha kuchapishwa bila matokeo, je, mtaalamu tayari ana matarajio ya kufaulu? Katika OSI Pharmaceuticals dhidi ya Apotex, mwaka 2019, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hapana kwa dawa ya saratani, ikitazama idadi kubwa ya dawa za aina hiyo zilizokwama katika hatua ileile. Ulaya mwelekeo umekuwa mkali zaidi kwa mwenye hataza, kwa hoja kwamba jaribio kwa watu halianzishwi bila msingi. Kwa chanjo za kumeza nadhani hoja ya Marekani iko karibu zaidi na ukweli wa fani. CVD 103-HgR yenyewe iliwakinga vizuri watu waliojitolea Marekani, lakini jaribio kubwa la Jakarta Kaskazini, Indonesia, halikuweza kuonyesha kinga ya kuridhisha. Ikiwa hata matokeo mazuri ya watu waliojitolea hayakuweza kutabiri yatakayotokea kwa jamii nzima, tangazo tupu la jaribio linatabiri nini?

Mwenye hataza anayejenga ngome yake juu ya kutotabirika asisahau kwamba hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Ukimwambia jaji kwamba hakuna mtaalamu ambaye angetarajia chanjo hii ifanye kazi, atakuuliza basi ulipataje haki ya kudai aina zote za bakteria kwa jaribio la aina moja. Mwaka 1993, katika In re Wright, mwombaji aliyekuwa na mfano wa virusi mmoja wa kuku alinyimwa madai mapana ya chanjo za virusi vya aina ya RNA, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika Amgen dhidi ya Sanofi, ilikaza uzi huohuo kwa kingamwili: ukidai kundi zima, ufundishe kundi zima. Ulaya nako, uamuzi wa G 2/21 wa mwaka 2023, wa bodi kuu ya rufaa ya ofisi ya hataza ya huko, uliruhusu ushahidi wa baada ya ombi utumike kuonyesha faida, mradi faida hiyo iwe imo ndani ya mafundisho ya ombi la awali. Hataza iliyoandikwa vizuri katika fani hii huwa nyembamba kuliko tamaa ya mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye mfano wako wa vipande vitatu. Sehemu ngumu ya kazi yetu ni kwamba kitendawili kikishateguliwa, kila aliyepo huona kwamba jibu lake lilikuwa wazi tangu mwanzo, na wanaoamua mashauri haya hukutana na chanjo ikiwa imekwisha kuteguliwa. Ningemtaka mpinzani wako aanze siku moja kabla ya tarehe ya ombi na aniambie bakteria gani, kasoro ipi, dozi ngapi, na kwa nini alidhani kinga ingebaki baada ya udhaifu kuongezwa. Ikiwa bakteria huyo alikwisha kumezwa na binadamu, akaonekana salama na kuamsha kinga, na kilichoongezwa ni bikaboneti ya kupoza tindikali, mpinzani atashinda, na anastahili kushinda. Ikiwa alikuwa ameonekana kwa panya pekee, na maandiko ya wakati huo yalikuwa na visa viwili vitatu vya aina zinazofanana naye zilizowaugulisha watu au zilizokosa kuamsha kinga, basi vipande vyako vitatu vilijulikana vyote na bado dai linaweza kusimama, ila kwa bakteria huyo tu, kwa kasoro hiyo, na ndani ya kiwango cha dozi ambacho ombi limekionyesha.